Simu Iliyonikatalia Mchumba

Mimi hasira zangu ziko karibu, naomba hilo lieleweke mapema. Nilipoanza kuuza mtandaoni dagaa wa Katonga, mwaloni kwetu ziwani, mteja mmoja wa Dar es Salaam aliacha kuuliza bei akaanza kuuliza nimesoma shule gani. Nilikuwa nimemwandikia maelezo marefu, ya moyoni kabisa, kwamba dagaa wangu wanaanikwa juu ya vichanja na si mchangani, na kwamba hawana hata chembe ya kukwaruza meno. Akajibu, "Dada, hiki ni Kiswahili gani?" Akaweka na emoji za kucheka mpaka machozi. Nikamtukana kwa Kirundi, peke yangu jikoni, mpaka mama akaja mbio kuuliza nani amekufa.

Nyumbani kwetu Simbo tulikulia Kirundi ndani na Kiswahili nje, Kiha kikipita katikati kama kuku wa jirani. Baba alivuka mpaka akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia hapa, akalima muhogo hapa, akafia hapa. Kaka yake, baba mkubwa wangu, alikuja miaka mingi baadaye na wimbi jingine la wakimbizi, na yeye akaishia kambini. Kwa hiyo Kiswahili chetu kilikuwa na safari ndefu, na mtu wa Dar hawezi kujua hilo.

Rafiki yangu wa Mwandiga, anayechapa barua za watu kwenye duka la steshenari, akanionea huruma akaniwekea kwenye simu kiprogramu cha kusahihisha maandishi. Unaandika upendavyo, makosa yanapigiwa mstari mwekundu, unabonyeza kitufe cha kijani, na maneno yako yanatoka yamepigwa pasi. Weee! Nilikipenda kile kitu kuliko chakula. Wateja wakaanza kuniita madam. Yule yule wa Dar akarudi na "habari za kazi, madam", nikampandishia bei papo hapo.

Kilikuwa na tabia moja tu: hakipendi maneno mengi. Salamu zangu za mistari minne kilizifanya "Habari." Nikimuuliza mtu mgonjwa anaendeleaje, na watoto, na mvua ya huko, kinaniambia pembeni kwamba sentensi hii haihitajiki. Nikasema sawa, wewe ndiye msomi. Nikafika mahali siandiki kitu bila yeye, hata ujumbe wa kuwaambia wanakwaya kwamba mazoezi yameahirishwa.

Katikati ya biashara hiyo nikapata mchumba. Fundi wa injini za mitumbwi pale Katonga, Muha wa Mwandiga, mikono ina oili muda wote, mpole mpaka anaudhi. Nilimpenda, sitaki kuzunguka. Nami nilishafika umri ambao mashangazi wa kanisani walikuwa wameacha kuniuliza lini, wakawa wananiombea tu. Yeyote ambaye angeichezea posa ile alikuwa anachezea maisha yangu.

Sasa, kwetu, na kwa Waha ni karibu hivyo hivyo, posa haijibiwi kwa ndiyo. Wageni wanafika wanasema ng'ombe wetu amepotea, tumefuata nyayo, zimeishia kwenye ua huu. Wenyeji wanaruka juu. Ng'ombe? Hapa? Sisi tuna mbuzi mmoja, tena kipofu! Wanabishana, wanataniana, pombe ya ndizi inazunguka, walokole wanazungushiana soda, mpaka mwishoni mzee wa nyumba anajifanya kukumbuka kwamba, ehee, kuna sauti ameisikia asubuhi nyuma ya nyumba. Kukataa huko ndiyo heshima yenyewe. Binti anayetolewa haraka watu wanajiuliza ana kasoro gani. Na muda wote huo binti mwenyewe yuko chumba cha nyuma, hana masikio wala mdomo, kwa sababu hayupo.

Mwenye haki ya kunikatalia hivyo alikuwa baba mkubwa. Lakini kutoka kambini ni kwa kibali, na kibali aliomba, akaambiwa asubiri, akawa anasubiri. Upande wa pili, msemaji wao alikuwa mjomba wa mchumba wangu, karani mstaafu wa mahakama anayeishi Ujiji, mtu wa miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuwatazamia watu. Akatoa wazo: kama mzee hawezi kuja, mazungumzo yafanyike kwa maandishi kwenye kundi la simu, yabaki kumbukumbu. Karani! Niliwaza Kiswahili cha baba mkubwa, nusu Kirundi, robo Kiha, na robo nyingine sijui aliiokota wapi, kikisomwa kwa sauti mbele ya ukoo mzima. Nikamwambia mama hatuchekwi sisi, kiprogramu kitamsaidia mzee.

Nikapanga mitambo. Kitochi cha mama, kisimu chake kidogo cha vitufe, kiliwekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ili baba mkubwa akipiga asikike kwa sauti kubwa. Simu yangu ikalala kando yake, imefunguliwa ile sehemu ya kusikiliza na kuandika yenyewe. Mzee akimaliza, mama abonyeze kitufe cha kijani, halafu mshale wa kutuma. Nilirudia maelezo mpaka akachoka. "Nimekuzaa wewe, nitashindwa kubonyeza?"

Nikasema basi nibaki, nisome kabla haijatumwa. Mama akanikazia macho.

"Wewe unayeposwa ndiye ukague? Aibu gani hii! Toka."

Nikaenda chumba cha nyuma, nikajifunika kitenge kichwani kama inavyotakiwa. Sikio moja niliacha wazi, sitadanganya, lakini sikupata kitu maana jirani alikuwa anatwanga kisamvu. Mama naye anasoma Biblia ya Kirundi ya maandishi makubwa. Vile vidudu vya kwenye simu havioni. Kwa hiyo maneno ya kunioza yalipita pale nyumbani na hakuna aliyeyasoma.

Baada ya muda mrefu mama alitoka uso unang'aa. "Baba yako mkubwa ameongea, ameongea! Halafu kidude chako kimebana yote, yameingia hata nusu ya kioo hayakujaa. Kina akili."

Akanikataza kufungua lile kundi mpaka wazee wamalize, tukakaa kusubiri majibu. Kimya. Wiki ikaisha, kimya. Mchumba nampigia, hapokei. Mashangazi wa kanisani wakaanza tena kuniombea, safari hii kwa kuniwekea mikono kichwani kabisa. Nikasema hapana, mimi siwezi kufia chumbani. Nikaenda Katonga.

Nilimkuta amepiga magoti mbele ya injini. "Kumbe na wewe ni wale wale wa kuchezea watoto wa watu!" nikaanza, hata salamu sikutoa. Wanawake waliokuwa wanageuza dagaa wakaacha kugeuza.

Akainuka taratibu, akafuta mikono kwenye kitambaa. Macho yalikuwa mekundu. "Mimi? Si nyie mmenikataa?"

"Nani kakukataa?"

"Mzee wenu. Kwa maandishi."

Akanipa simu yake. Nikasoma: "Ndugu, habari. Tumepokea maombi yenu. Hatuna ng'ombe aliyepotea wala binti wa kuozwa. Hatuna sehemu ya kuwapokea. Asanteni kwa mawasiliano."

Mama yangu mzazi! Kilikuwa Kiswahili safi, hakina hata doa. Nilianza kucheka, kicheko kikageuka, nikajikuta nimekaa kwenye mchanga nalia kwa sauti na oili imenijaa kwenye sketi. Mama yake mchumba wangu, ambaye ana vichanja vyake pale pale, akaja ameshika kiuno. "Mimi nilimwambia kaka yangu, mtu hakatai hivi. Hata soda hajaomba! Akaniambia imeandikwa, imeandikwa. Haya, ona sasa."

"Na wewe umeshindwaje kuniuliza?" nikamgeukia mchumba.

"Si mnasema tusiongee mpaka wazee wamalize?" Mpole mpaka anaudhi, nimeshasema.

Jioni mama alimpigia baba mkubwa kumuuliza hasa alisema nini siku ile. Na yeye alikuwa anasubiri majibu. Alikuwa ameshajiambia kwamba wale watu wameulizia, wakapata habari kwamba mzee wa binti anaishi kwenye turubai, wakaona hapana, kwa mkimbizi hatuoi. Hakumwambia mtu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama nasikia, na roho iliniuma vibaya sana.

Kisha akarudia yote. Alikuwa amesema hatuna ng'ombe, tuna mbuzi, tena kipofu, tena ana deni la majani kwa jirani. Alikuwa amesema mimi sina kiti cha kuwakalisha wageni wangu, nakalia ndoo, basi nawaomba mkae kwenye viti vyenu wenyewe mjifanye ni mimi nimewakalisha, mnywe na pombe yenu mjifanye ni ya kwangu, labda mkishiba nitakumbuka kitu. Hayo yote kiprogramu kilikuwa kimeyaona hayahitajiki.

Mama wa mchumba akamtwanga kaka yake maneno huko Ujiji, sijui ya aina gani, ila Jumapili baada ya ibada karani mwenyewe alikuja Simbo na watu wake. Akakubali mzee asikilizwe kwa mdomo, kwa sharti moja: neno la mwisho liandikwe. Mimi nikarudi chumba cha nyuma na kitenge changu. Ndoo ikapinduliwa, simu zikalazwa.

Safari hii jirani hakutwanga. Nikamsikia baba mkubwa akianza kwa makofi, yale makofi ya taratibu ya kusalimia, pa, pa, pa, yanatoka ndani ya kitochi na mikwaruzo ya mtandao, na watu uani wakamjibu kwa makofi. Akasalimia wazee, akasalimia akina mama, akasalimia muhogo wa shambani na mvua ya Mwandiga. Walipotaja ng'ombe wao, akaruka juu na mbuzi wake kipofu. Wakamjibu kwamba nyayo walizofuata si za mbuzi, ni za kitu kinachouza dagaa. Watu wakaangua kicheko. Karani alicheka mpaka nikasikia wanamtafutia miwani chini. Baba mkubwa akapata nguvu, akakataa zaidi. Alinikataa vizuri mno siku ile! Nilitamani asimalize.

Lakini karani ni karani. Akakohoa. "Mzee wetu, tumefurahi. Sasa lile neno la mwisho tulipate kwa maandishi."

Baba mkubwa akaongea polepole, simu yangu ikiandika. Kisha mama akapaza sauti kuelekea chumbani kwangu, amesahau kabisa kwamba mimi sipo.

"Mwanangu! Hapa nyekundu tupu! Hakuna hata neno moja limepona! Karani anasema kinauliza kisahihishe yote. Nibonyeze?"

"Oya!" nilipiga kelele. Kiswahili chote cha madam kilikimbia, ikabaki hapana ya Kirundi, ya nyumbani. "Oya, mama! Oya! Usiguse!"

Nikajifunika mdomo na kitenge, nimechelewa. Nikamsikia karani akiuliza kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeogopa, "Amekataa?"

Kitochi kikakwaruza. Baba mkubwa, mbali huko kambini, alikuwa anacheka, na ndani ya kicheko kulikuwa na kilio.

"Ehee," akasema. "Wageni wangu, mmesikia sauti hiyo? Kumbe yumo."

Kisha akaanza kupiga makofi peke yake, pa, pa, pa, na mimi kule chumba cha nyuma ndiye niliyekuwa wa kwanza kumjibu.