Inzi wa Tembo, Inzi wa Embe

Siku ile haijanitoka, mwanangu, na leo naikumbuka nikicheka. Nilikuwa nimerudi Magogoni kutoka ng'ambo na diploma yangu ya elimu ya wadudu, niliyoilipia mwenyewe kwa kuosha vyombo. Kisauni nzima sikumjua mwingine mwenye nayo, wala sikumwacha mtu asahau.

Shangazi Kadzo alikuwa amepata hoteli ya Shanzu iliyokubali kuchukua maembe yake kwa mara ya kwanza. Makreti yalikuwa bandani, gari likingojewa adhuhuri. Nikaingia, nikaona wingu la inzi juu yake.

"Bactrocera dorsalis!" nikatangaza. "Shangazi, yafukie yote. Yana mabuu haya. Ukiyapeleka, hoteli haitakutaka tena."

Akashika jembe, machozi yakimlengalenga. Mumewe, Mzee Katana, mgema wa minazi, akatokea nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, daktari wa inzi. Hilo jina ulilolitaja, maana yake nini?"

"Dorsalis ni Kilatini. Yaani, wa mgongoni."

"Na huyu mgongoni ana nini?"

Sikuwa nimemtazama. Nilikuwa nimeona inzi na embe, basi.

Mzee akalitoa dumu la tembo la mnazi alilogema alfajiri, ambalo alikuwa ameliweka nyuma ya makreti lipate kivuli. Akalitua uani. Lile wingu likalifuata lote.

"Hawa ni wageni wangu mimi," akasema. "Kila siku nawapungia mkono na hawaendi."

Nikatoa lenzi, hatimaye. Mdudu mdogo kama ufuta, macho mekundu, ncha ya tumbo nyeusi. Yule mharibifu wa maembe ni mkubwa zaidi, na mgongoni ana michirizi ya manjano. Huyu alikuwa Drosophila melanogaster, kwa Kigiriki mpenda umande mwenye tumbo jeusi, na hufuata kilichochacha. Jina lile nililikariri kwa mtihani, kumbe sura yake ilikuwa imo ndani! Tukapasua maembe saba: safi, hakuna buu hata moja.

Gari lilipopiga honi, shangazi alipiga vigelegele hata mtaa mzima ukatoka nje. Hoteli ile mpaka leo inachukua maembe yake. Nami wakulima kutoka Likoni hadi Changamwe huniletea wadudu ndani ya chupa, na tangu siku ile sijakosea hata mmoja. Najisifu, ndiyo. Nimestahili.

Mwanangu, ukijifunza jina, uliza limetoka wapi, kisha mtazame mwenye jina kabla hujafungua kinywa. Na usimwambie mtu afukie jasho lake kwa sababu ya tunda ambalo hujalipasua.

Mungu akupe macho ya Mzee Katana, na diploma kubwa kuliko yangu, kama ipo.