Kura Aliyoihitaji Verne Haskell

Verne Haskell alikuwa mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba wa jengo moja la ghorofa ufukweni kwa miaka mingi, na usiombe ukae chini ya mwenyekiti wa aina ile. Alikuwa mstaafu wa posta kutoka Ohio, aliyehamia Florida na mkewe Marjorie kufuata jua. Badala ya kuota hilo jua, alishinda koridoni na futi mfukoni, akipima vyungu vya maua vya watu. Taulo ikianikwa barazani, faini. Mlango ukipakwa rangi isiyo ya chama, faini. Majirani walimwamkia huku wakimlaani kimoyomoyo.

Kisha kampuni moja ya ujenzi ikaanza kununua nyumba za jengo lile, moja baada ya nyingine, ilibomoe na kusimamisha mnara wa matajiri. Kila nyumba iliyonunuliwa ikaipa kampuni kura, hata uenyekiti ukamponyoka Verne. Majirani wakakubali kuuza, karibu wote. Yeye hakutaka. Marjorie alikuwa amefia katika nyumba yao ile, na Verne hakubakiwa na kingine duniani. Huruma haiji upesi kwa mtu kama Verne, lakini hapo hata mimi iliniingia.

Nafuu ikatokea. Bunge la jimbo lilikuwa limebadili sheria: katika jengo la nyumba arobaini kama lao, wakipinga wawili tu, mpango wa kubomoa umekufa. Verne alikuwa mmoja. Mwingine pekee ambaye hakuwa amekubali bado ni Ruthanne Pruitt, mjane wa ghorofa ya chini. Hawakusemeshana tangu Verne alipomwamuru avunje njia ya mbao mlangoni pake, eti inaharibu sura ya jengo. Njia ile ndiyo iliyopitisha kiti cha magurudumu cha mumewe, Delbert.

Verne alikwenda na pai ya ndimu, maana mkono mtupu haulambwi.

“Karibu, mwenyekiti. Leo umekuja kupima nini?”

“Ruthanne, tafadhali. Tukipinga wawili tumepona. Sheria iko upande wetu.”

“Sheria!” Ruthanne alicheka bila furaha. “Ulipotuvunjisha ile njia, Delbert hakutoka nje tena. Alikufa anaisikia bahari, haioni. Nimeshamzika, ndipo mwanasheria ananiambia sheria ilikuwa inaturuhusu, tangu zamani. Wewe ulikuwa unajua?”

Angeweza kudanganya. Alikuwa amechoka.

“Nilijua. Nilidhani hamtauliza.”

“Na kweli hatukuuliza.”

“Lakini hata wewe utatolewa, Ruthanne! Utakwenda wapi?”

“Kwa dada yangu, Georgia. Nitalala kwenye kochi, nisimangwe mpaka nife. Chukua pai yako, Verne, itaharibika na joto hili.”

Siku ya kura ukumbi ulijaa. Walipoulizwa wanaopinga, Verne alinyoosha mkono wake, akageuka kumtafuta Ruthanne. Alikuwa ameketi mstari wa mbele, mikono yote miwili mapajani, analia, wala hakuinyanyua.