Jina Nililoachiwa na Babu

Mwaka 1966, nikiwa na miaka tisa, babu yangu alikufa na shida zangu zikaanza. Baba mimi simjui. Alizikwa mgombani nikiwa bado tumboni, nikazaliwa matanga hayajaisha. Kwetu Wahaya babu ndiye mwenye kutoa jina, na babu akanipa la Kihaya ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema "tumebaki tunalia". Alikuwa anasema kilichotokea, basi.

Babu alipokwenda, baba zangu wadogo wawili walikuja wakagawana kibanja chetu, yaani shamba la migomba na kahawa, pamoja na makaburi yaliyomo ndani. Mama akafungasha, akanipeleka kwao upande wa Rubya. Shule niliishia darasa la pili. Walichukua migomba, wakachukua mbuzi, wakang'oa hata mlango. Jina hawakulitaka, ndiyo maana ninalo.

Sasa nisikilizeni. Mwaka huu mwanangu amepata mtoto wa kiume, wa kwanza. Nikaweka kahawa za kutafuna, zile tunazokaribishia wageni, kwenye kikapu kidogo, nikavaa koti, nikakaa sebuleni kwangu Kagondo nikiwangoja, nimpe mjukuu jina langu lisije likafa na mimi.

Mke wa mwanangu akapiga magoti, akanisalimia vizuri kabisa, halafu akasema, "Tata, naomba unisamehe. Jina hilo hapana."

Tata ni baba. Unamwita mtu baba, kisha unamwambia hapana.

"Hapana ya nani?" nikamuuliza.

"Mhubiri wetu wa maombi kule mjini anasema majina ya huzuni yanamfunga mtu. Jiangalie, Tata. Umelala njaa, umebeba magunia bandarini Kemondo mpaka mgongo ukapinda. Ni jina hilo lilikuwa linafanya kazi."

Damu ikanichemka. "Njaa yangu waliileta baba zangu wadogo! Mmoja alibatizwa kwa jina la mtume, mwingine la malaika. Mhubiri wako anasemaje kuhusu hao?"

Akatoa simu, kumbe mle ndani mna majina ya Biblia na maana zake. Akaanza kutusomea. Musa, aliyetolewa majini. Yohana, Mungu ana neema. Mke wangu, ambaye ubatizo wake ni Raheli, akasogea. "Na mimi je?"

"Raheli... ni kondoo jike, Mama."

Mke wangu alicheka mpaka kanga ikamtoka begani. "Ndiyo maana mzee huyu amenilisha majani miaka yote!"

Mimi sikucheka. Nikawaambia, huyo Raheli wa Biblia, alipokuwa anakata roho kwa uchungu wa kuzaa, alimwita mtoto wake Benoni, mwana wa huzuni yangu. Na yeye alikuwa anamfunga mwanawe? Isaka si kicheko, kwa sababu watu walicheka? Wale nao walitoa majina kama sisi, kwa kilichowapata siku hiyo. Machozi ya Kiebrania yanasomwa madhabahuni, machozi ya Kihaya yanaitwa laana! Nani kawadanganya?

"Malizia, Tata," mkwe wangu akasema taratibu. "Yakobo alilikataa jina hilo. Akamwita mtoto Benyamini, mwana wa mkono wa kuume."

"Alilikataa baba wa mtoto!" Nikapiga meza, kahawa zikaruka. "Baba! Si mhubiri!"

Mwanangu alikuwa amekaa karibu na mlango anatafuna kahawa, kimya kama mgeni. Nikamgeukia. "Na wewe, huo mdomo ni wa kutafunia tu? Baba wa mtoto ni nani hapa? Sema!"

Akatema maganda mkononi. "Ni mimi, Tata. Basi mtoto ataitwa alivyoita Yakobo."

Nilitaka kumfukuza. Lakini haki ya kusema nilikuwa nimempa mwenyewe, tena kwa kupiga meza.

Mtoto alibatizwa. Nilikaa benchi la mbele kwa sababu ni mjukuu wangu, na hasira yangu nikakaa nayo. Hakuna aliyenisikia nikisema nimeridhika, na hawatanisikia. Mhubiri wao hajathubutu kupita kwangu. Apite tu, kahawa ipo.

Nilicho nacho leo: kibanja hapa Kagondo, nilichokinunua kwa magunia ya Kemondo. Migomba ya kulisha nyumba yangu na ya mwanangu. Mibuni. Nyumba ya matofali, yenye mlango wa mninga ambao hakuna atakayeung'oa. Ng'ombe wawili na ndama. Mke anayecheka. Mwana aliyejifunza kusema, na akaanzia kwangu. Mjukuu mwenye jina zuri, sikatai. Na jina langu, ambalo nimebaki nalo peke yangu.