Ndege Asiye na Jicho

Dukani walimwita Mama Lenzi, na wala hakununa. Angenunaje, ilhali kila wateja walipopungua kwenye kaunta yake alichomoa kioo cha kukuzia mfukoni, akakibana jichoni na kuanza kuchungulia kadi tupu za zawadi ambazo watu wenye akili zao walikuwa wanazitupa?

Kadi zenyewe unazijua. Ni zile za plastiki zinazoning'inia karibu na keshia. Unajaza salio, unampa mtu wako akajinunulie anachotaka. Salio likiisha mteja anasema, "Tupa tu, dada." Mama Lenzi hakutupa hata moja. Alizipeleka nyumbani, akazifuta kwa kitambaa chenye sabuni, akazipanga kwenye albamu yenye kurasa za mifuko ya nailoni. Kipenda roho hula nyama mbichi, na huyu nyama yake ilikuwa plastiki.

Usije ukadhani alizoazoa ovyo. Kwako wewe na kwangu mimi kadi ya maua ni kadi ya maua, basi. Kwake yeye zilikuwa za namna namna. Kuna iliyotobolewa tundu la mviringo la kuning'inizia, na kuna yenye tundu pana lenye mabega. Kuna yenye utepe mweusi wa sumaku mgongoni, na kuna ile ambayo kiwandani sijui waliishiwa nini, utepe ukatoka rangi ya kahawa. Kuna wekundu uliokolea na wekundu uliochoka, na tofauti hiyo huioni mpaka uzilaze bega kwa bega dirishani, asubuhi, jua likiwa bado changa.

"Mama Lenzi, si ni zilezile hizo?" keshia wa kaunta ya jirani alimtania.

"Hata mapacha mama yao huwatofautisha," alijibu, jicho halibanduki kwenye kioo.

Mwenzake katika wazimu huu alikuwa mmoja tu, binti yake. Mume alifariki mtoto akiwa bado wa kubebwa mgongoni, nyumba ikabaki ya watu wawili, chumba na sebule. Siku mama asipokwenda kazini walikaa sakafuni chini ya dirisha wakacheza mchezo wao: mama analaza kadi mbili, mtoto anatafuta wapi zimeachana. Kusaidiwa hakuna. Mtoto akilia kwamba haoni, mama anamwambia, "Mwenye macho haambiwi tazama," na mtoto anavuta kamasi, anainama tena.

Asubuhi moja walikuwa na kadi za ndege wa buluu. Mtoto akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mama! Huyu haoni!"

Kweli bwana. Wale ndege wengine wote walikuwa na kitone cheupe cha jicho. Huyu hana. Wino ulikuwa umepita moja kwa moja, uso mzima buluu. Mama Lenzi alikuwa ameishika kadi ile mwenyewe, ameiosha, ameipanga, na hakuona kitu. Kabla hajasema lolote, mtoto kwa furaha akaitia kadi mdomoni na kuing'ata pembeni, na jino lililokuwa linalegalega likamtoka palepale. Damu, kicheko, kilio, vyote kwa pamoja. Pembe ya kadi ikabaki na vibonyeo viwili na pengo katikati. Toka siku hiyo mtoto akaitwa Kibogoyo.

Kadi iliyong'atwa kwa mkusanyaji ni mzoga. Mama Lenzi aliiweka ukurasa wa kwanza, mfuko wa kwanza.

Kibogoyo akaota meno, akakua, akapata kazi ya ofisini katika mji wa mbali. Siku ya kuondoka, mama aliitoa kadi ya yule ndege, akaenda nayo dukani akaijaza salio kwa mshahara wake, akaitia kwenye bahasha. "Utanunua mapazia," alisema. Ya ndege hakuyagusa.

Hapa ndipo ninapotamani kumfinya. Si ungesema, mama wewe! Mdomo ulipewa wa nini? Lakini ndiyo hivyo, alitaka mtoto aione mwenyewe. Alitaka siku moja simu ilie, asikie, "Mama, huyu si ndiye yule haoni!" Hakutaka kingine chochote duniani.

Simu ililia. Amefika salama, chumba kina mwanga, majirani wana kelele. Ya ndege, kimya. Basi, labda bado hajafungua bahasha. Miezi ikapita, miaka ikafuata, na Mama Lenzi akabadili wimbo: ameona, ananyamaza makusudi, mjanja yule, ananivizia. Ule mfuko wa kwanza aliuacha wazi. Kila akifungua albamu aligusa kwanza pale patupu kwa kidole, moyo ukatulia. Kadi iko kwa mwenyewe, na mwenyewe ana macho. Aliishi kwa hilo, maana simu zilikuwa zimeshakuwa za "niko kwenye kikao, mama, nitakupigia," na hizo sote tunazijua zinavyoishia.

Akastaafu. Dukani walimpigia makofi, wakampa saa ya ukutani, na kesho yake kaunta yake ikakaliwa na mtu mwingine. Nyumbani palikuwa kimya mno. Kuna asubuhi alijikuta anaiambia birika, "Karibu, nikuhudumie," akacheka, halafu kicheko kikamkauka kwa kuwa hapakuwa na wa kucheka naye. Alikuwa mpweke, tusizunguke mbuyu. Angeweza kushinda siku tatu bila kusikia jina lake.

Ndipo ikaja bahasha kutoka kwa binti. Ndani mna karatasi, "Hongera kwa kustaafu, mama yangu. Jinunulie kitu kizuri," na kadi ya ndege wa buluu.

Kioo hakukihitaji. Dole gumba lilifika kwenye pembe kabla ya macho: vibonyeo viwili, pengo katikati. Akamgeuza ndege kwenye mwanga. Hana jicho.

Mama Lenzi alipiga kigelegele peke yake sebuleni. Ameona! Miaka yote hiyo alikuwa ameona, na sasa amemrudishia mchezo, zamu yake! Alipiga simu papo hapo.

"Mama! Imefika?"

"Imefika. Kibogoyo wewe, umeniweza!"

"Nimekuweza nini tena?"

"Na hii kadi."

"Umeipenda, eh? Nimekununulia juzi tu, nilipita dukani mbiombio. Nikaogopa utasema unazo kibao."

Mama Lenzi alikaa taratibu kwenye mkono wa kochi.

"Mama? Upo?"

"Nipo. Huyu ndege... ulimtazama?"

"Ndege? Ana nini? Usiniambie imekwaruzika! Nitumie niende nikaibadilishe."

Maneno yote yalikuwa mdomoni. Jino, damu, asubuhi ile ya dirishani, mapazia ambayo hayakununuliwa. Ilibaki kuyatoa tu. Lakini angeanzaje, bila kumwambia mwanawe kwamba amemdanganya mamake? Akajikaza kisabuni.

"Hana neno, mwanangu. Ni mzuri. Umechagua vizuri."

"Ndiyo maana nakupenda, huna makuu. Haya mama, naingia kikaoni, nitakupigia."

"Haya, mwanangu."

Aliiosha kadi kwa kitambaa chenye sabuni kama anavyoziosha nyingine, akaikausha, akaketi sakafuni dirishani na albamu mapajani. Mfuko wa kwanza uliipokea bila kusumbua. Albamu sasa imetimia, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, hakuna pengo hata moja, na mkusanyaji gani haombi kuifikia siku hiyo?

Akaifunga. Baadaye akaifungua tena, na kidole, kwa mazoea yake, kikaenda kutafuta pale patupu. Hapakuwepo tena.