Misri ya Mzee Okoth

Siku ya kwanza Mzee Sylvance Okoth kufika kwenye zizi langu la mbuzi wa kuuza, soko la Kiamaiko, Nairobi, alimpapasa beberu mgongoni akaniambia, "Mama, babu zangu walichunga mbuzi Misri kabla ya piramidi. Usinidanganye na tumbo lililojazwa maji lionekane nono."

"Misri haishushi bei," nikamjibu.

Alikuwa karani wa reli aliyestaafu, mkaazi wa Kayole. Kila Disemba ukoo wao hukutana, na kazi yake ilikuwa kununua mbuzi wa sherehe, kisha kusimama na kutaja wazee, babu baada ya babu, mpaka kwa Farao. Heshima aliyobaki nayo ilikuwa hiyo tu. Habon, jirani yangu Msomali anayeuza maziwa ya ngamia, alizoea kumtania: "Farao, karibu!" Naye humrudishia: "Nyinyi Wasomali mmefika juzi."

Mwaka jana alikuja na bintiye Aloo, anayesomea lugha chuo kikuu. Nikauliza kwa mzaha kama huko Misri hawajambo. Aloo akatazama chini.

"Baba alinituma nitafute ushahidi wa Misri. Kimisri cha kale kiko familia moja na Kiarabu na Kisomali. Kijaluo chetu ndugu zake wako Sudan Kusini."

"Na damu?"

"Maiti za kale za Misri zilizopimwa ni chache, haziwezi kusema yote. Lakini hazitutaji sisi."

Habon alicheka mpaka akaweka mtungi chini. "Kumbe lugha ya Farao ni binamu ya yangu! Mzee, nani amefika juzi?"

Mzee akamgeukia bintiye. "Kaburi la baba yangu," akasema, "nimeandikisha kwenye saruji: Ametoka Misri."

"Basi Jumamosi kwenye mkutano wa ukoo sema vilevile," nikamshauri. "Nani atapima?"

"Huyu atakuwa amekaa mbele yangu."

"Baba, mimi nitanyamaza."

"Hapo ndipo nitashindwa."

Aliuliza bei. Nikataja ile ya juu, ya kuanzia kupatana. Akalipa bila kumgusa mbuzi.

Baadaye Aloo alinisimulia. Baba yake alitaja babu mpaka yule wa mwisho aliyekuwa na hakika naye, akakaa. Wazee wakadhani amesahau kwa uzee, wakamhurumia. Kazi yote wakampa jamaa yao Oketch, ambaye anafika Misri bila kusita. Aloo alitaka kuwaeleza, baba akamkataza.

Oketch hununua mbuzi kwa shemeji yake. Mimi nilipata faida nono ya beberu mmoja, nikapoteza mteja wa kila Disemba. Habon bado anajiita binamu wa Farao, na maziwa yake hayajapanda bei.