Bangili ya Mkono wa Kushoto

Binti yangu alinipigia simu Ijumaa alasiri, nikiwa ndiyo kwanza nimeinuka kwenye msala, kuniarifu kwamba harusi yake itakuwa mwezi wa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikisha, huko huko Mombasa anakofanya kazi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha akaniuliza, "Mama, dhahabu ya bibi bado iko?"

"Iko. Iende wapi?"

"Nataka kuivaa siku ya kupambwa. Na zile bangili mbili za pacha usizisahau. Lakini zimefifia, mama. Zipeleke kwa sonara azing'arishe."

Sikumwambia kwamba sonara wa mwisho mtaani kwetu alikwisha kufunga duka akawafuata wanawe ng'ambo. Wala sikumwambia kwamba bangili hizo haziko pamoja, kwamba moja imo sandukuni na ya pili iko mkononi mwangu. Nilimjibu tu, "Inshallah. Nitazisafisha mwenyewe."

Naishi peke yangu katika nyumba tuliyozaliwa mimi na dada zangu. Mmoja yuko Muscat na wajukuu zake, mwengine yuko mbele ya haki. Mume wangu alifariki binti yetu akiwa bado shuleni. Chini nimempangisha mwanamke wa kisiwa cha Kiwayu, mke wa mwalimu, na kwa muda mrefu mazungumzo yetu hayakupita salamu za ngazini.

Zamani, kusafisha dhahabu kulikuwa shughuli ya nyumba nzima. Inapokaribia Idi au harusi, wanawake wa ukoo walikusanyika kwenye kiwanda, ule ua wetu wa ndani, kila mmoja na kifurushi chake. Mama alikaa kwenye kibao na beseni mbele yake, na sisi tulimzunguka. Aliinua kila kitu kabla ya kukitia majini na kuuliza, "Hichi cha nani?" Mwenyewe alijibu, na mara nyingi jibu lilikuja na kisa kizima, nani alimpa, nani alimwonea kijicho. Maji yalipoa tukachemsha mengine, na bado visa havijesha.

Safari hii nilichemsha maji kwa sufuria ndogo ya chai. Niliyaacha yapoe mpaka mkono ukastahimili, nikatia tone la sabuni ya kuoshea vyombo na chembe za magadi ya keki. Mama hakutaka zaidi ya hayo. Dawa ya meno aliikataza, alisema inaichuna dhahabu, na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe hakutaka hata kuisikia. Ukwaju ulikuwa wa masinia ya shaba tu. Chini ya beseni nilitandika kitambaa ili vitu visigongane, nikaroweka mikufu, pete na ile bangili ya sandukuni. Vipuli vyenye lulu niliviweka kando, kwani lulu hairowekwi. Hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

Nikachukua mswaki laini wa mtoto, nilioununua makusudi, nikaanza na mkufu. Uchafu ulitoka kwenye vitundu vyake, hina kavu, poda, mafuta ya miaka. Niliusuuza kwenye beseni la pili, mbali na bomba na shimo la maji, nikaukausha kwa kanga kuukuu. Ulitoka unawaka. Nikaunyanyua, na bila kufikiri nikasema, "Hichi cha nani?"

Sauti yangu iligonga ukuta ikarudi. Nikauweka mkufu juu ya kanga. Nilijua ulikuwa wa nani. Wa kunijibu hakuwako.

Vyote vilipokwisha kukauka, ikabaki bangili ya mkononi. Hiyo ina habari yake. Mume wangu alipofariki, dada zangu walinivua bangili zote mbili kwa povu la sabuni, kwa kuwa mwanamke aliyemo edani hajipambi. Nilipotoka eda sikuwa na hamu ya kuvaa kitu. Mama ndiye aliyenishika mkono wa kushoto akanivisha moja, akisema, "Hii moya tu, mwanangu. Usikae mkono mtupu kama mtu asiye na kwao." Mwaka uliofuata naye akaondoka duniani. Sijaivua tangu siku hiyo. Mkono nao umenenepa, na vifundo vimevimba.

Nilipaka sabuni nikavuta. Nikapaka mafuta ya nazi nikavuta. Bangili ilifika kwenye mfupa wa kidole gumba ikakwama, ngozi ikawa nyekundu. Kujivua bangili iliyokubana kunataka mikono mitatu, na mimi nilikuwa na miwili. Nikashuka ngazi, mkono ukinitiririka mafuta, nikabisha kwa mpangaji wangu.

Alifungua, akautazama mkono, akashtuka. "Bi, umeungua?"

"Sikuungua. Nataka kuvuliwa hii. Mwanangu aolewa."

Alinikalisha kwenye mkeka, akaleta mfuko laini wa plastiki, ule wa mkate, akanivisha kiganjani kama glavu, kisha akaupaka sabuni juu yake. "Legeza vidole, Bi. Kunja gumba ndani."

Aliivuta taratibu, akiizungusha. Machozi yalinitoka, akaacha kuvuta. "Waona utungu?"

"Hapana. Vuta."

"Mbona walia?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari ya eda, ya dada zangu, ya mama aliyenivisha. Alinisikiliza huku ameushika mkono wangu na mikono yake miwili, na nilihisi kwamba ni siku nyingi hakuna mtu aliyenishika hivyo. Nilipomaliza alisema tu, "Basi twende pole pole," akavuta tena, na bangili ikatoka.

Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe na laini, kama ya mtu mwengine. Bangili tuliisafisha pale pale, kwenye beseni lake, yeye akishika na mimi nikisugua. Kabla sijapanda juu aligusa kipini cha puani mwake. "Na hichi nacho, Bi? Ni cha mama yangu." Tukakisafisha nacho.

Nilikwenda Mombasa na dhahabu nimeifunga kiunoni, ndani ya buibui. Binti yangu alipendeza. Bangili zilikaa zote mbili kwenye mkono mmoja wa hina, zikilia kila alipoinua mkono, na wageni waliniuliza nimezipeleka kwa sonara gani. Siku ya kuondoka alitaka kunirudishia moja. "Mama, umezoea kuwa nayo."

"Zikae pamoja," nilimwambia. Nilitaka hivyo kweli, lakini ndani ya basi nilijikuta kila mara nikiushika mkono wangu mtupu.

Nilirudi na halua ya harusi, na fungu moja nimemwekea mpangaji wangu. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Jirani aliniambia mwalimu amehamishiwa Faza, nao wamehama juzi, ghafla. Nilipanda juu, nikaweka halua mezani, nikakaa bila kuvua buibui. Nyumba ilikuwa na joto la kufungwa. Nilikuwa na harusi nzima kifuani, nani alivaa nini, nani alilia, pilau iliyopungua chumvi, na hakukuwa na wa kumsimulia.

Siku chache baadaye simu ililia. Mtandao wa Faza ulikuwa ukikata maneno, lakini niliijua sauti yake.

"Bi, nisamehe, tulihama bila kukuaga. Harusi ilikuwaye?"

Nilipanda darini ambako simu hushika vizuri, nikaegemea ukuta, nikaanza na siku niliyofika Mombasa.