Mama Aliyekataa Kuniuzia Mbegu Zote

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla watu wa Kavumu hawajawaambia. Nina kashamba kadogo huko, lakini mimi ni mtu wa nyumbani: kutoka kwangu Muhumba, mjini, hadi Kavumu naona kama safari ya Ulaya. Mwaka jana, mvua ya kwanza ya Septemba ilipogonga bati, nilikwenda kupanda maharagwe yote siku moja ili nisirudi tena. Mama muuza mbegu wa soko la kando ya barabara, ambaye tumemzika juma lililopita, alinikatalia. "Papa, chukua nusu. Siku hizi mvua iko inadanganya. Ingine utapanda kisha wiki mbili kupita." Nikamjibu kwamba mimi nimemaliza sekondari, nina diplome. "Diplome inaletaka mvua?" akaniuliza, na soko zima likacheka. Nikanunua kwingine, nikapanda zote. Jua likawaka wiki tatu. Sikuvuna hata ya kujaza sufuria.

Baadaye, akijizuia kunicheka, alinieleza kwamba yeye pia aliwahi kupoteza mbegu zote hivyo, na mtoto wake akakaa nyumbani mwaka mzima bila shule. Moshi wa viwanda unaovuruga mvua hufuka huko mbali, kwa wenye pesa. Kavumu haina hata bomba moja la moshi, lakini hasara inajua njia ya kufika. Yeye hakungoja msaada. Aliwashawishi wanawake majirani kila mmoja alete sehemu ya mavuno nyumbani kwake, ili ambaye jua limemuunguzia apate mbegu za kupanda tena. Mwaka jana hakuna mtoto wa wanawake hao aliyeacha shule. Mimi mwenye diplome nilinunua maharagwe sokoni.

Kwenye matanga yake, magunia ya mbegu hizo yalikuwa chumba cha nyuma, na Septemba iko mlangoni. Shemeji yake akataka moja lipikwe, familia isiaibike mbele ya wageni. Wanawake wakaketi mlangoni mwa chumba, hawakupisha mtu. Tukaletewa bugali na sombe, majani ya muhogo, bila maharagwe. Kazi yake haikuzikwa naye, nikawaza, na nikafurahi. Lakini tumbo langu likamuunga mkono shemeji, nikasema kwa sauti kwamba gunia moja haliui mtu. Jirani wa marehemu, ambaye sasa ndiye anayeshika ufunguo wa chumba hicho, akanigeukia: "Papa, kama iko njaa, rudi ukule kwako. Hii tunapanda."